Mkimtuma Wakala wa Ploti, Mjue Gharama Wote Wawili

Ziko nyumba ambazo ugomvi wake ulianza siku ile ile mume na mke walipopata ardhi. Wameketi mbele ya wakili, kalamu i mkononi, mara mtu aliyekaa kwenye kona anakohoa na kuuliza, "Na yangu je?" Mke anageuka: "Baba watoto, huyu naye ni nani?" Huyo ndiye aliyewatafutia ploti. Mume alimwahidi malipo kwa simu, akaona ni jambo dogo lisilohitaji kuelezwa nyumbani. Lakini pesa zilizoko mezani ni mkopo wa SACCO wa mume na akiba ya chama ya mke.

Simlaumu mume huyo kwa kutafuta msaada. Anayefanya kazi Mombasa na anataka ploti Nakuru hawezi kuomba ruhusa kazini kila wiki. Kosa lake ni kuahidi malipo bila kuuliza, na tena peke yake.

Kwanza mjue wakala ni wa nani. Wengi wenye vibao barabarani ni mawakala wa muuzaji. Muuzaji ndiye anayewalipa, na kazi yao ni kumpatia bei nzuri. Wakala wa mnunuzi ni yule mliyemtuma ninyi awatafutie, awapatanie bei na kuwakagulia. Huyo hulipwa kutoka mfukoni mwenu. Shida iko kwa yule anayekula huku na huku. Mwenye shamba anataka shilingi 900,000. Broka anawaambia ni 1,100,000, ile laki mbili ya juu anaitia mfukoni, kisha anawadai "asante" pia. Dawa yake ni moja: ongeeni na mwenye shamba ana kwa ana kabla ya kukubali bei. Broka anayewazuia kumwona mwenye mali amekwisha kuwajibu.

Malipo kwa asilimia yana mtego wake. Bei ikipanda, ujira wa wakala wenu nao unapanda. Je, atapigania bei ishuke kwa moyo wote? Kwa maoni yangu, wenye kipato cha kadiri waafikiane naye kiasi maalumu, na kiandikwe.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme ploti iko mashambani na bei yake ni shilingi 1,200,000, na mmekubaliana na wakala asilimia 3. Hizo ni 36,000. Ikiwa amesajiliwa kutoza VAT, ongezeni asilimia 16 ya ujira huo, yaani 5,760. Ushuru wa stempu humwangukia mnunuzi: asilimia 2 mashambani, ambayo ni 24,000, mjini ni asilimia 4, nayo ingekuwa 48,000. Kisha kuna wakili, ambaye kiwango kilichotangazwa mwaka 2014 kiliweka ada yake ya chini kabisa kuwa 35,000. Jumla ni 100,760, na mpimaji wa mipaka bado hajalipwa. Waliokopa 1,200,000 kamili watakwama hapo, na ndipo watu huanza kukopa kwa siri.

Sasa ulizeni: hiyo 36,000 inanunua nini? Nauli ya kwenda kuona ploti imo, au ni juu yenu? Mkikataa ploti tatu za kwanza, mtadaiwa chochote? Kupekua rejista ya ardhi ili kujua mwenye hati ni nani si kazi ya kulipiwa maelfu. Ada ya serikali ni ndogo na wakili wenu ataifanya. Kwa ardhi za Nairobi, mtandao wa serikali wa Ardhisasa ulianza kutumika mwaka 2021. Kazi ya wakala ni yale yasiyoandikwa kwenye rejista: maji yanapita wapi wakati wa mvua, njia iko kweli au ni ya jirani, na je, mke wa muuzaji anajua kwamba shamba linauzwa? Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inataka wanandoa wa ndoa ya mke mmoja wakubaliane kabla ya mali yao ya ndoa kuuzwa. Wakala ambaye hajamwona mama wa boma lile hajamaliza kazi.

Ardhi ya kilimo ina jambo jingine. Bila kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, mapatano huwa batili. Muuzaji mnaweza kumdai pesa mlizompa, lakini msitarajie awarudishie mlizompa wakala. Kwa hiyo msimlipe wakala zote siku ya kuonyeshwa ploti. Mpeni kidogo cha nauli, kwa risiti, na kubwa libaki mpaka kibali kipatikane na hati itoke kwa majina yenu.

Tena mwulizeni cheti. Sheria ya mawakala wa ardhi na nyumba, Sura ya 533, inakataza mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa na bodi yao. Najua wengi wanaowaonyesha watu ploti hawana hata karatasi moja. Awe ni binamu, awe ni mtu mnayesali naye, aonyeshe cheti.

Haya yote yaandikwe katika barua moja: kazi yake, malipo yake, yanalipwa lini, na kwamba hapokei chochote kwa muuzaji. Mume atie sahihi, na mke atie sahihi. Na wakili atakapouliza hati iandikwe jina gani, mwambieni majina yote mawili, kwa umiliki wa pamoja ambao mmoja akifariki ardhi hubaki kwa mwenzake. Kuongeza jina la pili siku hiyo hakuhitaji wakala.