Kubadili Tairi la Pikipiki Nyumbani kwa Mashine ya Mkono

Watu wengi katika nchi yetu siku hizi wanapata riziki yao kwa pikipiki. Kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, na leo ni vigumu kuiona njia panda isiyo na vijana walioketi juu ya pikipiki wakingoja abiria. Hata hivyo ni wachache kati yao wawezao kubadili tairi kwa mikono yao wenyewe. Tairi likiisha meno, mwenye pikipiki huenda kwa fundi wa kando ya njia, naye fundi, akiwa na watu watano wanaomngoja, hulitoa kwa bisibisi na nyundo. Rimu hupata kovu, tyubu hubanwa, na pengine baada ya siku mbili tatu hewa hutoka ghafula pikipiki ikiwa mbioni na abiria yuko nyuma. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza kazi hii jinsi ipasavyo kufanywa.

Mashine tunayoitaja si kitu cha ajabu. Ni stendi ya chuma yenye miguu mitatu au minne, nayo hufungwa kwa bolti katika sakafu ya saruji au juu ya ubao mzito. Gurudumu hulazwa juu yake na kushikwa lisizunguke. Katikati husimama mlingoti, na ubavuni kuna mkono mrefu wenye kiatu cha chuma, ambao kazi yake ni kukandamiza tairi mpaka liachane na rimu. Haitaki umeme wala mafuta. Fundi wa kuchomelea vyuma aweza kuiunda kwa mabomba, na waendeshaji wa kituo kimoja wakichanga fedha zao hawatashindwa kuwa nayo. Asiyekuwa nayo aweza kulaza gurudumu juu ya tairi kuukuu la gari na kutumia leva tatu, yaani vile vyuma bapa vya kutolea tairi, ila atatoka jasho zaidi.

Kabla ya kununua tairi jipya, soma maandishi yaliyo ubavuni mwa lile la zamani. Nambari kama 3.00-17 maana yake ni kwamba upana wa tairi ni inchi 3, na rimu yake ina kipenyo cha inchi 17. Tafuta pia tarakimu nne zilizo peke yake katika kiduara kirefu: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililokaa miaka mingi dukani laweza kung'aa kama jipya, na mpira wake umekwisha kukauka. Muuzaji hatakwambia hayo, basi jiangalilie mwenyewe.

Sasa tuanze kazi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, mahali palipo sawa. Kwa gurudumu la nyuma, fungua nati ya fimbo ya breki na bolti ya mkono unaoishika breki, kisha nati ya ekseli. Tia alama mahali virekebisha mnyororo vilipokuwa. Sukuma gurudumu mbele, mnyororo ulegee, uuondoe, ndipo uchomoe ekseli. Vibushi viwili vitaanguka. Viweke juu ya kitambaa kwa utaratibu ule ule vilivyotoka, maana kikirudishwa upande usio wake gurudumu litakaa kombo.

Ondoa kile kipande kidogo kilicho ndani ya valvu, hewa yote itoke, na ufungue nati ya valvu. Laza gurudumu juu ya mashine. Weka kiatu cha mkono mrefu juu ya tairi, karibu kabisa na rimu lakini kisiiguse, ukandamize. Zunguka hivyo pande zote, kisha geuza gurudumu ufanye vile vile.

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Ndani ya ukingo wa tairi mna waya za chuma ambazo hazivutiki hata kidogo. Basi tairi litapitaje juu ya rimu iliyo pana kuliko ukingo wake? Tazama ndani ya rimu utaona katikati pamechimbika kama bonde. Ukingo ukishuka bondeni upande mmoja, upande wa pili hupata nafasi ya kupanda na kutoka. Kwa hiyo anzia leva karibu na valvu, na kwa goti lako ukandamize upande unaoikabili valvu ushuke bondeni. Mtu anayelalamika kwamba tairi ni gumu, akaongeza nguvu na kuita mwenziwe amsaidie kuvuta, karibu kila mara ameusahau upande wa pili. Mimi mwenyewe nilipojaribu mara ya kwanza nilitoboa tyubu mbili kwa siku moja kabla ya kuelewa jambo hili.

Tumia leva kidogo kidogo, vidole vitatu kutoka ile ya kwanza. Ukingo wa kwanza ukitoka wote, vuta tyubu nje, kisha toa ukingo wa pili. Wenye mashine hutia leva moja ndefu na kuizungusha kwa kuiegemeza kwenye mlingoti, na tairi hutoka kwa mzunguko mmoja.

Usikimbilie kutia tairi jipya. Sugua kutu kwa msasa, tazama kama ncha za spoku zimechomoza, na kama ule ukanda wa mpira unaozifunika umechakaa weka mwingine. Ikiwa unarudisha tairi lile lile kwa sababu ya pancha, pitisha kitambaa ndani yake polepole. Mwiba uliobaki utanasa uzi. Usitumie kidole.

Tazama mshale ulio ubavuni mwa tairi: huonyesha upande ambao gurudumu huzungukia. Paka kingo maji ya sabuni. Wengine hupaka oili au petroli kwa sababu iko karibu, na hizo huharibu mpira. Tia ukingo wa kwanza, kisha tyubu iliyojazwa hewa kidogo tu, kiasi cha kuwa na umbo la duara, isijikunje. Ukingo wa mwisho uanzie mahali panapoikabili valvu na umalizie penye valvu, maana shina la valvu huuzuia ukingo usishuke bondeni. Kabla ya kuvuta mara ya mwisho, sukuma valvu ndani kwa kidole gumba, tyubu ikae mbali na leva. Tyubu nyingi mpya hufa mahali hapo.

Jaza hewa, vidole vikiwa mbali na rimu, wala usipite kiasi kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kuna mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na rimu, nao yapasa uonekane sawasawa pande zote mbili. Ukizama mahali pamoja, toa hewa, paka sabuni tena, ujaze upya. Mwishowe punguza hewa mpaka kiasi kilichotajwa katika kitabu cha pikipiki yako. Kwa pikipiki nyingi ndogo ni kati ya ratili 25 na 33 kwa inchi ya mraba, na nyuma huwa zaidi ya mbele.

Rudisha gurudumu, linganisha zile alama za mnyororo kushoto na kulia, kaza ekseli, funga mkono wa breki na fimbo yake. Kanyaga breki mara kadhaa gurudumu likizungushwa kwa mkono. Endesha kilomita chache bila abiria na bila kulala katika kona, kwa kuwa tairi jipya huteleza mpaka ngozi yake ya juu isuguliwe na barabara. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, pima hewa tena na ujaribu kila nati kwa spana.