Nyumba Yenye Joto Wakati wa Kipupwe: Zuia Upepo Kabla ya Kuongeza Kuni



Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya nyanda za juu huwa kali. Anayeishi karibu na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mahali penye kimo cha mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, anajua jinsi ukungu unavyoshuka jioni na kukawia asubuhi. Wakati huo ndama husimama wamejikunja, watoto wa mbuzi hukutwa wamekufa alfajiri, wazee hukohoa, na watoto hulala karibu mno na mafiga.

Somo hili ni la kaya isiyo na fedha ya kununua jiko jipya wala blanketi za ziada. Vinavyohitajika vipo bomani: mavi ya ng'ombe, majivu, nyasi kavu, viroba vitupu, mawe, na nguvu za mikono.

Joto linatokea wapi

Watu wengi wakisikia baridi huongeza kuni. Nyumba yenye matundu hula mzigo mzima wa kuni na alfajiri bado mnatetemeka, kwa sababu joto limeshatoka nje. Tafuta kwanza linapotokea.

Ingia ndani saa sita mchana, funga mlango, kaa kimya mpaka macho yazoee giza. Kila unapoona mwanga ukutani au kwenye paa, upepo unapita hapo usiku. Weka alama kwa mkaa. Mpe mtoto kazi hii; macho yake ni makali, na ataona nyufa zilizo chini karibu na sakafu ambazo mtu mzima hazioni. Nyufa za chini ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa zinampiga aliyelala.

Kusiriba

Mama anayejenga nyumba ya Kimaasai anajua kusiriba kuliko mwandishi wa kipeperushi hiki, kwa hiyo tutasema mawili tu. Kwanza, siriba mapema, mvua za masika zinapopungua mwezi Mei, siku za jua. Ukuta uliosiribwa Julai katika ukungu hukawia kukauka, na ukuta uliolowa hunyonya joto la nyumba. Pili, usitupe majivu. Yakichanganywa na mavi mabichi na udongo, ufa hupungua ukuta unapokauka. Ufa mpana ujazwe kwanza nyasi zilizokatwakatwa, ndipo usiribe juu yake.

Angalia na mlango. Nyumba ya zamani ina njia ya kuingilia iliyopinda, na watu hudhani ni mtindo tu. Ule mpindo huvunja upepo kabla haujafika kitandani. Kama nyumba yako mpya ina mlango unaotazama moja kwa moja ndani, simamisha ukuta mfupi wa fito hatua mbili kutoka mlangoni, uusiribe, ili anayeingia azunguke. Usiku ning'iniza ngozi kuukuu au gunia mlangoni.

Nyumba ya bati

Kaya nyingi sasa zinajenga kwa bati. Bati halivuji wala halidai kusiribwa kila mwaka, na hatuwezi kumlaumu aliyechoka kubeba mavi kichwani. Lakini usiku wa anga jeupe bati hupoa haraka sana, na mvuke wa pumzi zenu huganda juu yake ukawa matone yanayowadondokea alfajiri. Mnalowa mkiwa ndani.

Dawa yake ni dari. Funga fito au kamba kutoka ukuta hadi ukuta, chini ya bati kwa shibiri moja au mbili, kisha tandaza juu yake viroba vilivyofunguliwa na kushonwa pamoja. Hewa iliyokaa kati ya viroba na bati ndiyo inayozuia baridi. Usiweke dari ya viroba wala nyasi juu ya moto. Upande wenye mafiga uachwe wazi kabisa, kwa sababu kiroba kikishika moto huyeyuka na kudondoka kikiwaka.

Kitandani, baridi hutoka chini

Kama una shuka mbili, moja itandike chini yako. Kitanda cha fito kina hewa baridi inayopita chini yake, na uzito wako hubana kila kitu unacholalia. Tandika nyasi kavu kwa wingi juu ya fito, kisha ngozi, kisha shuka. Toa nyasi na ngozi juani kila siku yenye jua. Nyasi zenye unyevunyevu hazina msaada.

Mzee anayehisi baridi miguuni apewe dumu dogo la maji ya moto lililofungwa kwa kitambaa. Maji yasiwe yanachemka, kwani dumu la plastiki hulegea na kuunguza. Ukitumia jiwe badala ya dumu, chukua jiwe kavu la juu ya ardhi. Jiwe la mtoni lililonyonya maji laweza kupasuka motoni. Mtoto mchanga asiwekewe dumu wala jiwe: joto lake ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakifunikwa shuka moja.

Ndama na watoto wa mbuzi ndani ya nyumba

Desturi ya kulaza ndama na mbuzi wadogo ndani ni nzuri, nao huongeza joto la nyumba. Ndama mwenye siku chache huanza kutumia nguvu za mwili kujipasha joto hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, na nguvu hizo zinatoka kwenye maziwa. Ndama anayetetemeka usiku kucha hakui.

Shida ni mkojo. Kibanda cha ndama kikiloa, joto lote mliloliziba linageuka kuwa mvuke wenye harufu kali, na harufu hiyo huumiza mapafu ya ndama na ya watoto wako. Pima hivi: piga goti kwenye malalo ya ndama, uhesabu polepole mpaka ishirini. Goti likilowa, ongeza nyasi kavu au badilisha zote. Ndama akilala, miguu yake inatakiwa izame kwenye nyasi isionekane. Ukiingia alfajiri na macho yakawasha, umechelewa kubadilisha.

Mwandishi naye alijifunza kwa hasara. Mwaka wa kwanza wa kazi niliishauri kaya moja izibe kila tundu, hata la moshi, na nyumba ikawa na joto kweli. Baada ya wiki moja ndama watatu walikuwa wanakohoa na mmoja akafa. Baba mwenye boma hakunikaripia. Alinionyesha tu ngozi. Tangu siku hiyo nasema: ziba palipo usawa wa mtu na ndama waliolala, lakini tundu la moshi la juu libaki wazi usiku na mchana, na tundu lingine dogo liwepo upande usiopigwa na upepo.

Mtoto wa mbuzi au wa kondoo aliyezaliwa usiku wa baridi, mkaushe kwanza kwa nyasi au kitambaa, hasa kichwa na masikio. Kisha ahakikishiwe dang'a, yale maziwa ya kwanza, ndani ya saa chache, mapema iwezekanavyo. Mtie kidole safi mdomoni. Mdomo ukiwa na joto na ananyonya kidole, mpeleke kwa mama yake. Mdomo ukiwa baridi, yuko hatarini: mweke ndani ya shuka karibu na mwili wako pamoja na dumu la maji ya moto lililofungwa kitambaa, mpaka apate nguvu ya kunyonya. Usimmiminie maziwa mdomoni kabla ya hapo, maana yataingia mapafuni na utamwua kwa huruma.

Mbuzi au kondoo aliyetupa mimba asilazwe ndani pamoja na watu, wala kondo lake lisishikwe kwa mikono mitupu. Magonjwa mengine yanayoangusha mimba humwingia binadamu. Mwite afisa mifugo.

Moto usiku

Kuni mbichi hupoteza joto kwa kukausha maji yake zenyewe, na moshi wake ni mzito. Weka kuni za siku tatu zijazo ndani, mahali pakavu mbali na moto. Zungushia mafiga mawe makubwa makavu, ili yahifadhi joto moto unapopungua.

Sasa hatari kuu. Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa mkalala nalo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kukosekana kwa moshi ndiko kunakomdanganya mtu. Hata makaa ya kuni yaliyofunikwa majivu hutoa hewa hiyo, ndiyo sababu tundu la moshi lisizibwe kamwe. Kadiri ulivyosiriba vizuri, ndivyo tundu hilo lilivyo muhimu zaidi.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu, na mara nyingi huwapata watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja. Mkiamka hivyo, msitafute dawa ya malaria kwanza. Fungueni mlango, tokeni wote nje hata kama kuna baridi, toeni na mifugo, kisha mwende kituo cha afya. Aliyezimia atolewe kwa kuburutwa, asisubiriwe aamke.

Ua na ng'ombe wakubwa

Miezi hii upepo hutoka zaidi kusini na mashariki. Ongeza miiba na matawi kwenye ua wa boma upande huo. Ua unaopitisha upepo kidogo hukinga eneo pana kuliko ukuta mzito, kwa sababu upepo ukigonga ukuta huruka juu na kuanguka kwa nguvu nyuma yake.

Ng'ombe wakubwa wapewe mabua au nyasi kavu jioni kama zipo. Chakula hicho kinapochachuka tumboni hutoa joto mpaka alfajiri, na zizi lililo karibu na ukuta wa nyumba, upande wa upepo, huwa kinga nyingine kwa waliolala ndani.