KAZI INAPOISHA GHAFULA: SOMO KWETU SISI TUNAOMALIZA MASOMO



Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo tulikuwa 41 katika darasa la mwisho. Kisha tukabaki 33. Wale 8 hawakufukuzwa juu ya tabia mbaya, wala hawakushindwa mitihani. Wameenda kuchimba. Wanasema, "Diploma haileti bukari." Sisi tunaoandika hapa hatuwezi kuwacheka, kwa maana mwezi wa pili sisi wenyewe tuliacha masomo majuma matatu tukaenda nao. Prefe wa masomo anajua jambo hilo, naye ameturuhusu kuliandika.

Kwa hiyo somo hili si la kulia. Tunataka kufahamu mambo matatu: kwa nini kazi inaisha ghafula, mfanyakazi ana haki gani, na sisi tufanye nini.

1. BEI YA SHABA HAIPANGWI HUKU KWETU

Shaba inachimbwa Katanga, lakini bei yake inapangwa katika soko la metali la London. Watu wa nchi za mbali wakijenga majumba mengi, wakihitaji nyaya za umeme na motokari, bei inapanda. Wakijenga kidogo, inaanguka. Lakini gharama za mgodi hazianguki pamoja na bei. Umeme unalipwa, mafuta yanalipwa, madeni yanalipwa. Basi wakubwa wa kampuni wanatafuta kitu cha kupunguza upesi, na kitu hicho ni watu.

Jambo hili halikuanza jana. Tuangalie mifano.

Mfano wa kwanza ni shida kubwa ya dunia iliyoanza 1929. Kati ya 1930 na 1932 Union Minière ilipunguza zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake Waafrika. Watu waliokuwa wamezoea posho na mushahara walirudishwa vijijini.

Mfano wa pili ni Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya toni 400,000 za shaba kwa mwaka. Wafanyakazi walipata nyumba, unga, hospitali na shule za watoto. Lakini mashini zilizeeka bila kutengenezwa vizuri, mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, kisha vikaja vurugu za siasa. Kufika 1994 shaba iliyotoka haikufika hata toni 50,000. Wafanyakazi wakakaa miezi na miezi bila kulipwa. Mwaka 2003 zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kupewa feza mara moja na kumaliza. Wengi wetu ni wajukuu wa watu hao.

Mfano wa tatu ni 2008. Katikati ya mwaka ule toni moja ya shaba iliuzwa karibu dola 9,000. Mwezi wa 12 ilikuwa chini ya dola 3,000. Tanuru nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilizimwa. Tena mwishoni mwa 2019, bei ya kobalti ilipoanguka, mgodi mkubwa wa Mutanda ulisimamisha kazi, ukarudia miaka miwili baadaye.

Tunaona nini? Kazi inaondoka, kisha inarudia. Lakini mtu aliyeondolewa hana uhakika wa kurudia pamoja nayo.

2. KIBARUA NA SHERIA

Baba yetu mzazi alifanya kazi ya kibarua miaka 4 katika kampuni moja ambayo hatutaitaja jina. Kila jioni waliambiwa, "Kesho murudi." Naye alirudi. Siku moja ya kwanza ya juma alikuta karatasi ya majina kwenye mulango wa kampuni. Aliyesomwa jina aliingia, asiyesomwa alirudi kwake. Jina lake halikusomwa. Alifika nyumbani saa tatu ya asubuhi, na mama alifikiri ni ugonjwa.

Sasa tusome sheria. Kodi ya kazi ya inchi yetu ni ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002. Inasema hivi kwa maana yake: kibarua akiisha kufanya siku 22 za kazi katika miezi miwili, naye akachukuliwa tena mbele ya miezi ile kwisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Tena anayefukuzwa bila kosa kubwa anapashwa kuonywa mbele. Siku za onyo ni 14 za kazi, na kwa kila mwaka muzima aliofanya zinaongezwa siku 7.

Tufanye hesabu. Miaka 4 mara 7 ni 28. Ongeza 14, ni siku 42 za kazi. Baba yetu hakupewa hata moja.

Mashauri ya kazi yanapelekwa kwanza kwa mukaguzi wa kazi, ambaye anajaribu kupatanisha pande mbili mbele ya kufika tribinali. Baba alikwenda. Akaulizwa, "Ushuhuda iko wapi?" Hakuwa na karatasi hata moja. Miaka yote minne ilikuwa ndani ya kichwa chake tu. Akarudi nyumbani, na tangu siku ile hapendi mutu amuulize habari ya kazi.

Hatukuandika haya kwa kumwaibisha baba. Tuliomba ruhusa kwake, akasema, "Andika, labda mutoto wa mwengine atakamata kitabu na kalamu."

3. TULIYOYAONA KWENYE SHIMO

Baba alipokosa kazi, minervali ilikosekana. Tukaenda kuchimba. Hatutadanganya: juma la kwanza tulipata feza, tukanunua mufuko wa unga, na nyumba yote ilifurahi.

Juma la pili tuliona mizani ya mununuzi inaonyesha kilo 46, naye akaandika 40. Tukasema, "Papa, hapa ni 46." Akatuangalia sana, kisha akaandika 46. Wenzetu watatu walioacha shule zamani hawakuwa wameona kitu. Walikuwa wakiuza kwa mutu yule tangu mwaka uliopita. Kilo 6 kwa kila mufuko, ni mifuko mingapi kwa mwaka?

Lakini juma la tatu mununuzi alisema, "Bei imeanguka," akatulipa nusu. Hapo hesabu yetu haikusaidia kitu. Usiku ule mvua kubwa ilinyesha, na shimo la jirani likabomoka. Kwa neema hapakuwa mutu ndani. Asubuhi tulichukua kinga, tukarudi nyumbani.

Hatukurudi kwa sababu tunaamini diploma inaleta kazi. Yaya wetu ana diploma ya Serikali tangu miaka mitatu, na anauza inite za telefoni kando ya barabara. Tulimuuliza kama anajuta kwa kusoma. Akajibu, "Diploma haijanipa kazi. Lakini siku kazi itakapokuja, sitakuwa na lazima ya kuanza kuitafuta diploma." Tuliwaza maneno hayo siku mbili, kisha tukaja kwa prefe kuomba musamaha.

4. TUFANYE NINI?

a) Tusitegemee kampuni moja, kama vile wazee wetu walivyofanya. Pamoja na masomo, kila mutu ajifunze kazi ya pili ya mikono: kushona, kusoude, kutengeneza kinga, kulima mahindi mvua inapoanza. Mwenye shamba hakosi bukari siku tanuru inapozimwa.

b) Tusome kontra mbele ya kutia sahihi. Kontra yenye tarehe ya mwisho haipite miaka 2. Muda wa kujaribiwa haupite miezi 6, na kwa mutu asiye na ufundi wowote haupite mwezi 1.

c) Mwenye kufanya kibarua aandike katika kitabu kila siku aliyofanya: tarehe, mahali, jina la kapita, na feza aliyopewa. Kila karatasi aichunge. Tuwafundishe na baba zetu.

d) Tuweke likelemba kati yetu, hata ya franka kidogo, ili mwenye kukosa minervali asikimbilie shimo siku ile ile.

e) Tusiwaache wale 8. Prefe amesema orodha ya mutihani wa Serikali itafungwa mwisho wa mwezi huu, na anayerudi mbele ya siku ile atapokelewa. Tumeanza kunakili masomo waliyoyakosa. Kila siku ya posho, baada ya saa sita, tunawapelekea kwa kinga. Wawili wamekwisha kurudi. Kwa sita waliobaki tunahitaji madaftari, na watu wenye mwandiko unaosomeka. Majina yaandikwe kwetu, karibu na mulango wa biblioteki.

MAULIZO YA KUJIBU DARASANI

1. Kwa nini bei ya London inaweza kufunga mulango wa kampuni ya Likasi?
2. Kibarua alifanya siku 25 katika miezi miwili, akachukuliwa tena. Kontra yake ni ya namna gani?
3. Mutu mwenye kontra isiyo na mwisho alifanya kazi miaka 6. Anapashwa kuonywa siku ngapi za kazi mbele?
4. Ulizeni mutu mumoja wa nyumba yenu: alipata kazi yake namna gani, na kama ilimwisha, ilimwisha namna gani? Andikeni majibu yake. Tutayachapa katika namba inayokuja, bila majina.

Kiongozi wa wanafunzi, darasa la mwisho