Somo: Makosa Madogo Katika Karatasi ya Mkaguzi wa Motokaa



Msimu wa kuchuma u karibu, na kila mwenye motokaa au pikapu atataka iwe tayari kubeba wachumaji asubuhi na karafuu jioni. Magari yetu mengi si mapya. Yametumika kwanza Japani, kisha yakaja kwetu yakiwa na miaka mingi, nasi tumeyaongezea mingine. Gari la namna hiyo likipelekwa kwa mkaguzi ni nadra kurudi bila orodha ya makosa. Wako watu ambao wakisikia kwamba makosa ni "madogo" huikunja karatasi wakaitia mfukoni mpaka ukaguzi wa pili. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende.

Leo twataka tujifunze namna ya kuisoma karatasi hiyo: lipi litangulie, lipi laweza kufanywa nyumbani, na lipi halipasi kungoja hata siku moja.

Kwa nini mfano wa Mwanza

Mfano wetu tumeutoa Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria. Mji ule ni wa majabali na vilima. Nyumba zimepanda juu ya mawe, na njia za mitaani hupanda na kushuka. Dereva wa Pemba, aliyezoea vilima na kona za kutoka Chake Chake kwenda Wete, hatauona mgeni. Tena pale Kirumba liko soko la Mwaloni, ambako dagaa wa ziwani hupakiwa kwa magunia kwenda miji ya mbali. Mchukuzi wa dagaa na mchukuzi wa karafuu kazi yao ni moja: magunia, njia ya vumbi na tope, na haraka ya kufika sokoni.

Yako mengine yanayofanana. Anayetoka Mwanza kwenda upande wa Sengerema kwa njia ya Kamanga hupandisha gari lake juu ya kivuko, kama sisi tunavyopandisha malori melini. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi wa Juni 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, magari ya njia ile hayangoji tena kivuko; hupita moja kwa moja.

Ukaguzi maana yake nini

Bara hufuata Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na mkaguzi wa magari ni askari polisi. Magari ya biashara yako pia chini ya LATRA, mamlaka iliyoundwa mwaka 2019. Sisi Zanzibar tunayo sheria yetu ya usafiri wa barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003. Sheria ni mbili, lakini chuma ni kile kile, na breki iliyokufa haijui mpaka.

Nchi nyingine nazo zimepita njia hiyo. Uingereza ilianza ukaguzi wake mwaka 1960 kwa magari yaliyozidi miaka 10, na yaliyotazamwa mwanzo yalikuwa matatu tu: breki, taa na usukani. Tangu mwezi wa Mei 2018 wao hugawa makosa mafungu matatu: ya hatari, makubwa na madogo. La hatari halitoki barabarani. Kubwa litengenezwe ndipo gari lipite. Dogo gari hupita nalo, lakini huandikwa ili mwenyewe alitengeneze. Mpango huo wafaa kufuatwa hata na mtu aliye peke yake chini ya mwembe na karatasi yake mkononi.

Karatasi ya mfano

Tuchukue mfano wa mchukuzi wa dagaa wa Mwaloni mwenye pikapu kongwe. Mkaguzi amemwandikia hivi:

1. Taa ya breki ya kushoto haiwaki.
2. Breki ya mkono inapanda sana.
3. Waipa zinaacha michirizi.
4. Tairi la mbele kulia limelika upande wa ndani.
5. Kutu chini ya bodi.
6. Honi inalia na kukatika.
7. Mkanda wa dereva haujikunji.

Fedha alizonazo wiki hii zatosha mambo matatu. Mtu wa haraka angeanza na honi, waipa na taa, kwa sababu ni rahisi na orodha ingepungua upesi. Lakini kupunguza orodha si kupunguza hatari. Tuyatazame moja moja.

Tairi lililolika upande mmoja

Hili ndilo la kwanza, ingawa limeandikwa la nne. Tairi likilika sawasawa, limezeeka tu. Likilika upande wa ndani peke yake, basi tairi ni shahidi, mkosaji ni mwingine. Huenda magurudumu hayakunyooshwa sawa. Huenda bushi, tai rodi au boli jointi zimelika. Kununua tairi jipya na kuacha sababu ni kutupa fedha, maana nalo litalika vile vile. Na boli jointi ikichomoka gurudumu hulala ubavu, na dereva hubaki ameshika usukani usiotii. Likitokea katika mteremko, na watu kumi nyuma, hakuna aliye fundi wa kuliokoa.

Kwa hiyo gari hili lisipakiwe mpaka fundi alipandishe kwa jeki, aliweke juu ya vigingi imara, alitikise gurudumu juu na chini, kisha kushoto na kulia, na kuona mchezo unatoka wapi. Akishabadili kilicholika ndipo magurudumu yanyooshwe, ndipo tairi linunuliwe. Huo ndio mpango wake, na usigeuzwe.

Katika tairi tazama mambo mawili zaidi. Kina cha mifereji: sheria ya Uingereza haikubali chini ya milimita 1.6, nacho ni kipimo chema cha kushika. Na umri: ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na mifereji mizuri na mpira wake umekwisha kukauka na kupasuka nyufa.

Breki ya mkono

Breki ya mkono ikipanda sana, dasturi ya wengi ni kukaza waya. Kwa magari yenye madramu nyuma, aghalabu kosa liko ndani: shuu za breki zimelika au zimekaa mbali na dramu. Fundi afungue dramu kwanza, azitazame shuu, azirekebishe, kisha ndiyo akaze waya. Waya ukikazwa kabla, shuu zitasugua dramu wakati wote, zitapata moto, na gari litakunywa mafuta bure.

Usiseme "mimi huegesha mahali tambarare". Juu ya kivuko au meli breki ya mkono ndiyo inayolizuia gari lisimwendee aliyesimama mbele yake. Tena weka kabari.

Maadamu dramu ziko wazi, mwambie fundi atazame na mafuta ya breki. Mafuta hayo hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya kisiwani kwetu haina upungufu wa unyevu. Yabadilishwe kila miaka 2. Yakiwa na maji huchemka katika mteremko mrefu, na pedeli huzama mpaka chini. Wala usiongeze mafuta ya injini mahali pake. Mipira ya breki huvimba na kuharibika. Na dereva ajue hili: mteremko hushukwa kwa gea ndogo, breki ikisaidia, si kwa breki peke yake.

Taa ya breki

Hili ni la nyumbani, na halina sababu ya kulala. Toa globu uitazame. Uzi ukikatika au kioo kikiwa cheusi, ibadili. Globu ya nyuma mara nyingi ina nyuzi mbili, mmoja wa taa ya usiku na mmoja wa breki, ndiyo maana moja yaweza kuwaka na ya pili isiwake. Vinundu vyake havilingani kimo, ili isiingizwe kinyume; usiilazimishe.

Taa zote mbili za breki zikizimika pamoja, usikimbilie globu, kwani ni nadra kufa siku moja. Tazama fyuzi, kisha swichi iliyo juu ya pedeli. Na ukikanyaga breki ukaona indiketa nayo yameremeta kidogo, ugonjwa uko katika waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi. Fungua boliti yake, sugua kutu kwa msasa, funga tena, paka grisi. Fyuzi ikikatika weka ya kipimo kile kile. Kuweka waya au karatasi ya pakiti ya sigara ni kualika moto ndani ya gari.

Kutu

Katika jambo hili sisi tuna taabu kuliko watu wa Mwanza. Ziwa lao ni la maji baridi. Hewa yetu ina chumvi. Kutu iko ya namna mbili. Ya juu juu hukwanguliwa, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, basi. Ya pili imekula chuma. Gonga kwa mpini wa bisibisi: sauti ikiwa nzito na chuma kikimeguka, chuma kimeoza. Kikioza karibu na ncha za springi, fremu, au mahali mkanda wa kiti ulipofungwa, si kosa dogo tena. Hapo huunganishwa kwa chuma kipya na kuchomelewa, wala si kuzibwa kwa pasta na kupakwa rangi. Kabla ya kuchomelea betri ivuliwe waya, na paipu na tangi la mafuta viwe mbali na moto.

Yaliyobaki

Mkanda wa dereva usiojikunja aghalabu umejaa vumbi. Uoshwe kwa maji na sabuni, ukaushwe. Ukiwa umechanika, ubadilishwe. Waipa ni mpira uliokaushwa na jua. Nunua mpya kabla ya mvua. Honi inayokatika mara nyingi ina waya uliolegea au wenye kutu.

Basi mchukuzi wetu wa Mwaloni atumie fedha zake kwa usukani na tairi, breki, na globu moja. Mkanda atauosha mwenyewe. Waipa, honi na kutu ya juu juu vifuate mwezi ujao, kabla mvua hazijaanza.

Mkaguzi hulipima gari tupu

Jambo hili twaomba kila mwanachama alishike. Karatasi ya ukaguzi husema habari za gari tupu, siku ile, mahali pale. Haisemi habari za magunia utakayopakia wala wachumaji watakaoketi juu yake. Kisiwani Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipinduka kikaua watu 228. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Na sisi hatuhitaji kwenda mbali: tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander, iliyojaa kupita kiasi, ilizama ikija Pemba. Vyombo hivyo vilikuwa vya majini, lakini hesabu ya mzigo ni moja. Pikapu iliyopita ukaguzi ikipakiwa mara mbili ya uwezo wake, karatasi haitaishika katika kona.

Namna ya kusema na fundi

Nenda na karatasi yenyewe, si kwa maneno ya kichwani. Mwulize sababu ya kosa kabla ya kuuliza bei. Mwambie akurudishie kila kipande cha zamani alichokitoa. Kazi ikiisha, liendeshe gari polepole mahali pasipo watu, jaribu breki, kisha lirudishe kwa mkaguzi. Karatasi zote, ya zamani na mpya, ziweke pamoja. Kosa likirudi mara ya tatu mahali pale pale, utajua kwamba halijapata kutengenezwa.

Maswali ya kujipima

1. Tairi limelika upande wa ndani. Kwa nini si vyema kuanza na tairi jipya?
2. Taa zote mbili za breki zimezimika. Utatazama nini kwanza?
3. Breki ya mkono yapanda sana. Kipi hurekebishwa kabla ya waya?
4. Gari lako limepita ukaguzi. Je, karatasi inakuruhusu kupakia kiasi gani?

Wanachama waliomo katika tawi moja wayajibu pamoja, gari la mmoja wao likiwa mbele yao, na boneti wazi. Wachumaji wanaopanda nyuma ya magari yetu hawana karatasi ya kusoma. Wamesoma nyuso zetu tu, wakatuamini.

Katibu wa Chama