Somo la Kahawa: Mbegu ya Ruiru 11 Haizai Ruiru 11

Ndugu mkulima, huenda jirani yako ana shamba zuri la Ruiru 11. Miti imebeba vizuri na gharama yake ya dawa iko chini kuliko yako. Je, unaweza kumwomba matunda mabivu, uoteshe miche yako mwenyewe na kuokoa pesa? Jibu ni hapana. Somo hili linaeleza sababu, kisha linaonyesha njia tatu unazoweza kufuata.

Ugonjwa ulioleta utafiti

Ugonjwa wa matunda ya kahawa, ambao wakulima huuita CBD, uligunduliwa Kenya mwaka 1922. Huletwa na kuvu. Tunda bichi hupata doa jeusi lililobonyea, kisha hukauka mtini au huanguka. Kuvu hii hupenda baridi na unyevu, ndiyo maana sehemu za juu za Tetu, Othaya na Mathira, pamoja na miinuko ya Kirinyaga, Embu na Meru, huupata kwa urahisi mvua inapokuwa nyingi.

Aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa miaka ya 1930 katika Maabara za Scott, zinapendwa na wanunuzi kwa ladha yake, lakini hazina kinga dhidi ya CBD. Mkulima hulazimika kupuliza dawa mara kwa mara. Gharama ya kupambana na CBD pamoja na kutu ya majani inaweza kufika asilimia 30 ya gharama zote za uzalishaji. Mwaka 1968 mlipuko wa ugonjwa huu ulipoteza takribani nusu ya mavuno ya nchi. Mwaka 1971, watafiti huko Ruiru walianza mpango wa kuzalisha kahawa yenye kinga.

Jinsi Ruiru 11 inavyotengenezwa

Kinga ilitafutwa katika kahawa tatu: Rume Sudan, yenye asili ya Sudan; Hibrido de Timor, iliyotokana na arabika na robusta kuchavushana zenyewe katika kisiwa cha Timor; na K7, iliyochaguliwa hapa Kenya. Hizi zilizalishwa pamoja na SL28 na SL34 ili kinga isije bila ladha. Hapo ikapatikana miti ya baba. Miti ya mama ni Catimor, kahawa fupi kutoka Kolombia.

Ua la kahawa hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo, ili kupata mbegu ya Ruiru 11, mfanyakazi hufungua chipukizi la ua la mti wa mama kabla halijachanua, huondoa sehemu za kiume, hupaka chavua ya mti wa baba, kisha hulifunika. Kazi hii hufanywa kwa mkono, ua kwa ua. Ndiyo sababu mbegu hiyo haikuwahi kuwa nyingi tangu aina hii ilipotolewa kwa wakulima mwaka 1985.

Wengine huuliza kama hii ni kahawa ya GMO. Siyo. Hakuna jeni iliyoingizwa katika maabara. Ni uzalishaji wa kuchavusha na kuchagua.

Mbona mbegu ya shambani hudanganya?

Ruiru 11 ni chotara, kama mahindi chotara unayonunua kila msimu. Kila mti umepokea nusu ya jeni zake kwa mama na nusu kwa baba. Ukipanda mbegu zake, jeni hizo hugawanyika upya na kila mche huchukua fungu lake.

Dalili ya kwanza utaiona kwa macho: kwa wastani, mche mmoja kati ya minne utarefuka kama SL, ilhali mti uliotoa mbegu ni mfupi. Lakini urefu si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kinga, nayo hugawanyika vivyo hivyo bila kuonekana. Mche usio na kinga una majani ya kijani na afya kama mwenzake. Watafiti hupima kinga kwa kuambukiza miche michanga kuvu ya CBD. Mwaka 2008 watafiti wa Ruiru na wenzao, wakiwemo wa Ufaransa, walichapisha alama za kijeni zinazosaidia kutambua mojawapo ya jeni za kinga. Wewe huna vipimo hivyo. Utajua tu miti itakapoanza kuzaa na matunda kuwa meusi, wakati umeshatumia miaka, mbolea na jasho.

Njia tatu za mkulima

1. Nunua miche ya Ruiru 11 iliyothibitishwa. Kwa kuwa ni mifupi, hupandwa kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, yaani takribani miti 1,000 kwa ekari. SL huingia kama 540. Kumbuka kwamba miti mingi hudai mbolea na samadi nyingi.

2. Panda Batian. Aina hii ilitolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya, chenye mita 5,199. Ilichaguliwa kutoka ukoo wa miti ya baba wa Ruiru 11. Ni ndefu kama SL, ina kinga dhidi ya CBD na kutu ya majani, na huanza kuzaa mwaka wa pili. Si chotara wa kizazi cha kwanza, hivyo mbegu yake huzalishwa bila kuchavusha kwa mkono. Hata hivyo, nunua mbegu iliyothibitishwa, kwa kuwa huwezi kujua tunda la jirani lilitoka mti gani.

3. Badilisha SL bila kuing'oa. Kata shina la zamani, acha machipukizi yenye nguvu, kisha uunganishe juu yake vikonyo vya Ruiru 11 au Batian. Mizizi mirefu ya SL hubaki kazini. Kikonyo ni sehemu ya mti wenyewe, si mbegu, kwa hiyo jeni hazigawanyiki. Kazi hii ifanywe na mtu aliyefunzwa, na vikonyo vitoke kwenye miti inayojulikana.

Kabla ya kulipa

Omba kuona cheti cha kitalu. Uliza mbegu ilitoka wapi. Chanzo chake ni Taasisi ya Utafiti wa Kahawa ya Ruiru. Dai risiti yenye jina la aina na idadi ya miche, na uihifadhi. Ukiwa na shaka, mwone ofisa wa kilimo wa wadi yako au uulize katika chama chako cha ushirika.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini mche usio na kinga hauwezi kutambuliwa kwa macho kitaluni?
2. Kuna tofauti gani kati ya kuchukua mbegu na kuchukua kikonyo kwenye mti wa Ruiru 11?
3. Katika shamba lako, ni njia gani kati ya hizi tatu inayokufaa, na kwa nini?