Rubani wa Maji na Rubani wa Anga: Funzo la Istilahi

Neno rubani lilitumika baharini kabla ya kupaa angani. Msafiri wa Pate huzikuta maana zote mbili: rubani wa ndege humfikisha Manda, kisha mjuzi wa maji humvusha Mkanda, mkondo upitikao vyema maji yajaapo. Wa baharini husoma maji kwa macho. Wa angani hutegemea pia kauli ya mwongozaji ndege.

Kauli yenye utata huua. Machi 27, 1977, huko Tenerife, rubani alieleza kwamba “yupo kwenye kuruka”. Mwongozaji akaelewa kuwa angali anasubiri. Ndege mbili ziligongana, wakafa watu 583. Baadaye neno la kuruka lilitengewa utoaji au ufutaji wa ruhusa ya kuruka. Mwanaistilahi azingatie: istilahi moja, maana moja.