Kubadili Roka za Valvu na Kurekebisha Injini ya A-Series

Injini ya A-Series, iliyoanza kutumika mwaka 1951 katika gari la Austin A30 ikiwa na ujazo wa 803 cc, ndiyo iliyowekwa katika Morris Minor kuanzia 1952 na katika Mini kuanzia 1959, na ikaendelea kuundwa hadi Mini ya zamani ilipokoma mwaka 2000. Katika muda huo wote umbo lake la msingi halikubadilika: kamshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, imelala ndani ya bloku, kila nundu huinua tapeti, tapeti huinua fimbo ndefu, na fimbo hiyo husukuma juu mkono mmoja wa roka ili mkono wake wa pili uibonyeze valvu na kuifungua. Kwa kuwa roka ni wenzo, urefu wa mikono yake miwili ndio unaoamua mwinuko wa nundu utakuzwa kwa kiasi gani kabla ya kuifikia valvu.

Roka za kiwandani zina uwiano wa takriban 1.25 kwa 1, na zinazouzwa kwa ajili ya kuongeza nguvu huwa na uwiano wa 1.3 au 1.5. Katika Mini ya kawaida, ambayo valvu yake hufunguka kwa milimita 7.2 hivi, roka za 1.5 huufikisha mfunguko huo karibu milimita 8.7, bila kuigusa kamshafti na bila kuishusha injini kutoka garini. Injini hii huyapokea mabadiliko hayo vizuri kwa sababu njia zake za hewa ni chache na nyembamba: silinda ya kwanza na ya pili hugawana tundu moja la kuingizia, ya tatu na ya nne hugawana jingine, na ya pili na ya tatu hutolea moshi katika tundu moja la katikati. Silinda mbili zinapogombea hewa ya mlango mmoja, valvu inayofunguka haraka na kwa upana zaidi huiwezesha kila silinda kupata fungu lake katika muda mfupi iliopewa.

Hata hivyo, ongezeko hilo la asilimia 20 lina gharama, na fundi anayenunua roka kabla ya kupima injini ameanza kazi kutokea mwisho. Kipimo cha kwanza ni cha mgandamizo wa silinda zote nne, kwa maana silinda inayovuja kwenye ringi au kwenye kiti cha valvu haitaponywa na roka yoyote. Baada ya hapo hukaguliwa mhimili wa roka, ambao katika magari mengi ya umri huu umelika upande wa chini kwa kukosa oili safi, kiasi kwamba ukucha ukipitishwa juu yake hunasa kwenye kingo za mtaro uliochimbika. Roka za kufuliwa zinaweza kuwekewa bushi mpya, lakini zile zilizotengenezwa kwa bamba la chuma lililokandamizwa haziwekewi bushi, na zikilegea hazina budi kubadilishwa. Kwa gari la matumizi ya kila siku lenye silinda hedi isiyofanyiwa kazi, mhimili mpya na roka za kufuliwa zenye uwiano wa 1.3 ni uamuzi bora kuliko roka za 1.5, kwa sababu injini hurudishiwa mfunguko wote iliokuwa imeupoteza kwa uchakavu, na springi na gaidi za valvu hazibebeshwi mzigo mkubwa zaidi.

Ikiwa roka za 1.5 ndizo zilizochaguliwa, nafasi tatu hupimwa kabla injini haijawashwa. Ya kwanza ni nafasi iliyobaki kati ya mizunguko ya springi wakati valvu imefunguka hadi mwisho. Jumla yake isipungue milimita 1.5, kwani springi ikibanwa hadi mizunguko yake igusane, fimbo hupinda au nundu hukwanguka. Ya pili ni kati ya kofia ya springi na ncha ya gaidi, ambayo ni bomba linaloiongoza valvu. Ya tatu ni kati ya valvu na bloku: injini ya silinda nyembamba iliyofungwa silinda hedi ya injini ya 1275 cc huwa katika hatari, kwa kuwa valvu ya kutolea moshi ni kubwa na hushuka karibu na ukingo wa silinda, na kwa hiyo bloku huchongwa kijishimo cha kuipokea.

Kufungua roka za zamani kunahitaji subira. Stadi zinazoshika vishikio vya mhimili ziko pamoja na stadi za silinda hedi yenyewe, kwa hiyo maji ya rejeta hupunguzwa, kisha nati zote za silinda hedi na za vishikio hulegezwa nusu mzunguko kwa zamu, ili hedi isipinde na mhimili usinyanyuliwe upande mmoja na springi za valvu zilizo wazi. Fimbo zitolewe moja moja na kupangwa kwa mfuatano wake, zikizungushwa kidogo kabla ya kuvutwa ili zisinyanyue tapeti. Wakati wa kurudisha, nati kubwa za silinda hedi yenye stadi 9 hukazwa kwa spana ya torki hadi nyutonimita 68 hivi, na zile ndogo za vishikio hadi karibu nusu ya hapo, kwa hatua na kuanzia katikati kwenda nje.

Jambo linalopuuzwa zaidi, nalo ndilo linaloamua umri wa kazi yote, ni mpangilio wa pembe. Valvu ikiwa imefunguka nusu, mkono wa roka unapaswa kukaa kwenye pembe mraba na shina la valvu, na alama ya mguso, inayoonekana kwa kupaka wino wa mafundi juu ya shina, iwe nyembamba na katikati. Alama ikienda pembeni, roka husukuma shina kwa ubavu na gaidi huliwa mapema, hata kama roka yenyewe ina gurudumu dogo kwenye ncha yake. Kasoro hiyo husahihishwa kwa kuweka shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma, chini ya vishikio, au kwa kutumia fimbo za urefu mwingine. Kishikio kinachopitisha oili kwenda kwenye mhimili lazima kiwekewe shimu yenye tundu, kwani shimu isiyo na tundu itafunga njia ya oili na kuua roka zote mpya kwa muda mfupi. Kifuniko cha roka nacho kijaribiwe kwa kuzungusha injini kwa mkono, maana roka ndefu huweza kukigonga.

Kuseti tapeti, yaani kurekebisha nafasi kati ya roka na shina la valvu, hufuata, injini ikiwa baridi. Kwa roka za kawaida nafasi ni milimita 0.30, lakini kwa roka za 1.5 inafaa 0.36, ili nafasi inayohisiwa upande wa nundu ibaki ileile. Mafundi hutumia kanuni ya tisa: valvu ya nane ikiwa imefunguka kabisa, hurekebishwa ya kwanza, ya saba ikifunguka, hurekebishwa ya pili, na kadhalika, jumla ikiwa tisa daima. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa sababu pistoni ya kwanza na ya nne hupanda na kushuka pamoja huku mizunguko yao ya kazi ikipishana kwa mzunguko mmoja mzima wa kransha, na ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Valvu ya upande mmoja ikiwa wazi kabisa, nundu ya mwenzake imeipa tapeti mgongo.

Moto hurekebishwa kabla ya kabureta. Pointi za distribyuta ziwekwe kwenye nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, kisha taa ya taimingi itumike, bomba la vakyumu likiwa limechomolewa. Injini nyingi za aina hii hupendelea jumla ya nyuzi 30 hivi kabla ya pistoni kufika kilele, zikizungushwa kwa kasi, na kipimo hicho ni cha kuaminika zaidi kuliko kile cha mzunguko wa taratibu, kwa kuwa springi za distribyuta iliyozeeka zimelegea.

Kabureta ya SU ina pistoni inayopanda kulingana na hewa inayopita, ikiinua sindano iliyochongoka kutoka kwenye jeti. Injini ikiwa na joto la kazi, pistoni hiyo huinuliwa kidogo, chini ya milimita moja: mzunguko ukipanda na kubaki juu, mchanganyiko una petroli nyingi, na nati iliyo chini ya jeti hupandishwa, ukianguka, petroli ni kidogo na nati hushushwa, ukipanda kidogo kisha ukatulia, umefaa. Lakini nati husogeza mchanganyiko wa kasi zote kwa pamoja, ilhali roka mpya huongeza hewa zaidi katika kasi za juu, kwa hiyo mara nyingi ni sindano yenyewe inayobadilishwa. Mwinuko wa nchi nao huhesabiwa: hewa ya Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na Morris Minor iliyorekebishwa pwani itachoma petroli kupita kiasi ikifika huko, huku ikivumilia taimingi ya mbele kidogo zaidi.

Baada ya kilomita mia kadhaa, nati hukazwa tena na nafasi za valvu hupimwa upya na kuandikwa. Nafasi iliyopanuka huonyesha skrubu iliyolegea au ncha ya roka inayolika. Nafasi inayozidi kupungua upande wa kutolea moshi, hasa katika silinda hedi ya zamani iliyozoea petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, ni dalili kwamba valvu inazama ndani ya kiti laini cha chuma, na kwamba hedi hiyo inahitaji kuwekewa viti vigumu kabla valvu haijaanza kuungua.